Mkono wa Don Gualberto

Siku ya tatu nilimpandisha Don Gualberto Tamay juu ya maji kwa mara ya saba, na safari hii uvumilivu ulinishinda.

"Unaumwa wapi?" nikamfokea, mawimbi yakitupiga usoni. "Masikio? Kifua?"

"Siumwi popote, mwalimu," akajibu kwa upole ulionizidishia hasira.

"Sasa mbona unaniambia una shida?"

"Mimi? Nimesema nini? Mtu atasemaje na bomba mdomoni?"

Nimefundisha watu kuzamia hapa Akumal, pwani ya Meksiko, kwa miaka kumi na minne. Nimeona wanaolia, wanaotapika, hata mmoja aliyetaka kushuka na kofia yake ya ukili. Lakini msusi huyu wa bembea za kulalia kutoka mji mdogo wa Chemax, mwenye miaka sitini na miwili, alikuwa mtihani. Kila zoezi alilifanya vizuri. Shida ilikuja nikimwuliza kwa ishara, kidole gumba na cha shahada vimefanya duara, "Uko salama?" Hapo ananyoosha kiganja na kukitikisa huku na huku. Chini ya maji ishara hiyo ina maana moja: kuna kitu hakiko sawa. Mwalimu akiiona, tena kwa mzee wa umri ule, habishani nayo. Anampandisha mtu juu.

Nilikuwa nimeshamweleza maana ya ishara zote, kwa Kihispania changu cha haraka haraka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, nami nikadhani ameelewa.

Likizo hiyo yeye na mkewe walilipiwa na wanawe wa jijini Mérida: siku nne za bahari na cheti cha kuzamia, siku moja ya kutembelea magofu. Mkewe, Doña Elmi, alikaa ufukweni akila chapati za mahindi alizokuja nazo, maana za hoteli alisema ni za karatasi. Jioni ile alinivuta mkono.

"Utamfelisha?"

"Nikimpitisha akazama, nitajibu nini?"

"Sikiliza, mwanangu. Tuna binti wetu, Nelsy, anaongoza wazamiaji kule kisiwani Cozumel. Alipoondoka, baba yake alimwambia kazi ya maji si ya mwanamke, na asirudi nyumbani akinuka chumvi. Basi hakurudi. Huu mwaka wa sita. Huyu mzee kwenda kumwomba msamaha hawezi, shingo yake ni gogo. Lakini kapanga safari ya Jumamosi kwenye mashua ya Nelsy. Anasema mteja mwenye cheti hafukuzwi."

Sikulala vizuri. Huruma ni kitu kizuri, ila haina hewa ya kumpa mtu kwenye kina cha mita kumi na mbili.

Alhamisi upepo wa kaskazini ulivuma na bandari ikafungwa. Tukaitumia siku hiyo kwa magofu. Dereva wetu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nikawapeleka kwenye magofu ya Cobá mwenyewe, nimenuna. Don Gualberto akatangulia kwenye ile barabara nyeupe ya wazee wetu Wamaya inayokata msitu. Kwenye kila jiwe la kuchongwa lililosimama alivua kofia, akasalimu kwa Kimaya kwa sauti ya chini, kisha akaendelea. Doña Elmi alibaki nyuma akihema.

"Weee, mzee!" akampigia kelele. "Njia yako ikoje?"

Ndivyo tunavyojuliana hali kwa Kimaya. Mzee hakugeuka. Aliinua mkono tu, akanyoosha kiganja, akakitikisa huku na huku.

Nikasimama palepale. "Doña Elmi, ana nini?"

"Ana nini? Hana kitu. Anasema 'hivi hivi tu': si vizuri, si vibaya."

"Lakini yuko vizuri?"

"Mtu mwenye akili atasema yuko vizuri? Mdomo huponza kichwa. Upepo mbaya ukusikie! Huyu siku ya harusi padri alimwuliza kama ana furaha, akafanya hivyo hivyo na mkono. Mama yangu nusura azimie."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mama yangu alitusalimia kwa maneno hayo kila asubuhi, mimi na majirani; wao walimjibu "hivi hivi tu", na mimi niliyekuwa nikichekwa shuleni kwa Kimaya changu nikawa namjibu kwa Kihispania. Niliona aibu. Mara saba mtu ameniambia kwa lugha ya nyumbani kwetu kwamba yuko salama, nami nikamburura juu kama mgonjwa.

Nikamkimbilia. Safari hii nilimweleza kwa Kimaya kibovu, na alinisahihisha maneno mawili kabla hajakubali kunisikiliza.

"Kwa hiyo huko chini lazima nijisifu?" akauliza.

"Si kujisifu, don. Mwenzako hakuoni moyo. Usipomwambia, anakuogopea."

"Hiyo ni kazi ngumu kuliko kupumulia bomba," akasema.

Ijumaa bahari ilitulia. Tulishuka mara mbili. Nilipomwuliza, aliangalia kwanza kulia na kushoto, kisha akafanya duara taratibu, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Nilimpa cheti, wala haikuwa kwa huruma.

Jumamosi nilivuka nao kwenda Cozumel. Nilijidanganya kwamba nina mitungi ya hewa ya kuchukua. Gatini alisimama mwanamke mwenye uso wa Doña Elmi, akikusanya fomu za wateja. Alipofika kwa baba yake mkono wake ulisita. Mzee alimpa cheti na fomu, akatazama viatu vyake mwenyewe.

Nelsy alisoma mstari mmoja mmoja. Jina. Umri. Magonjwa. Chini kabisa, palipoandikwa mtu wa kupigiwa simu jambo likitokea, mzee hakuandika jina la mkewe aliyesimama pembeni yake. Aliandika Nelsy Tamay, na namba.

"Namba hii niliiacha miaka mitano iliyopita," Nelsy akasema.

"Mimi ndiyo ninayoijua."

Nelsy alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaikata namba ile, akaandika nyingine juu yake. Kisha akainakili upya kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, na kukitia mfukoni mwa baba yake.

"Panda, Baba," akasema. "Ukae karibu na mimi."