Kilo ya Watoto

Mvua ya Kimulot haina haya. Ilikuwa imemnyeshea Mellen tangu alfajiri, ikapenya karatasi ya plastiki aliyojifunga kiunoni, ikashuka hadi ndani ya gambuti, na sasa soksi zilitoa sauti ya kuchukiza kila alipokanyaga. Alifika kwenye mizani, akakipandisha kikapu cha majani ya chai. Karani Gibson aliangalia namba, akatema mate pembeni, kisha akapunguza kilo kadhaa.

"Hizo ni za maji," alisema. "Kampuni hainunui mvua."

Mellen aligusisha kadi yake kwenye mashine, ikalia. Kisha akafanya jambo ambalo kila mama wa genge lao la wachumaji alikuwa akilifanya tangu mwaka uanze: majani aliyoyatenga kando kabla ya kupima, kama kilo moja hivi, aliyamwaga kwenye gunia la pembeni. Gunia hilo lilipimwa mwisho, kwa kadi nyingine. Waliiita kilo ya watoto.

Mambo yalianzia kwa binti yake Nyabate, wa darasa la nne, aliyerudi kutoka shuleni na habari za uwanja wa bembea ulioko Nairobi. Mwalimu alikuwa amewaonyesha kwenye simu gurudumu refu kuliko kiwanda, na treni inayopita juu ya maji ikiwa imejaa watoto wanaopiga mayowe ya raha. Nyabate hakuomba kupelekwa. Aliuliza tu kama watu wa majani chai huruhusiwa kuingia. Swali hilo lilimchoma Mellen, akaapa hapo hapo kwamba Desemba wataenda, yeye na Nyabate na mdogo wake Omosa, hata kama ni kwa kutambaa. Kesho yake alilisema shambani, na kina mama wenzake wote wakataka watoto wao waende pia.

Shida ilikuwa kuweka pesa. Ikiingia kwenye simu, deni la mkopo wa simu linaimeza kabla hujaiona. Ukiificha chini ya godoro, Mageto, baba watoto, ana pua kali kuliko mbwa wa askari. Basi wakaamua kuweka majani, kwa sababu hakuna mwanamume atakayeyabeba majani mabichi kuyapeleka kwa mama pima, muuza pombe. Gibson, mtu wa kwao Kisii na mkusanya sadaka wa kanisa lao, aliwaambia kwamba mashine haikubali kadi isiyo na mwenyewe. Watumie ya mke wake, Rodah. Yeye ataiweka pesa hadi Desemba, akodishe basi.

Rodah alikuwa ameandikishwa kama mchumaji ingawa hakuna aliyewahi kumwona ndani ya majani. Walijua. Mashamba yamejaa wafanyakazi hewa, na mishahara yao huwa na wenyewe. Kina mama walidhani kwamba safari hii, angalau mara moja, hewa itamfaa maskini.

Miezi ikaenda. Mellen alishikwa na malaria akalala wiki nzima. Jirani yake Tecla akajifungua, mwingine akaenda matanga Kipkelion. Lakini gunia la pembeni lilijaa kila siku, kwa maana wasiokuwepo walichumiwa na waliokuwepo. Kadi haiugui, haizai, haiendi matanga. Ng'ambo ya kijito mashine za kuchuma zilinguruma zikila mistari mizima, na kila mwisho wa mwezi kuna familia iliyofungasha godoro ikarudi kwao.

Desemba kampuni ilichinja ng'ombe. Meneja, Bwana Nicholas, alisimama chini ya hema akatangaza mchumaji bora wa mwaka, mama ambaye hakukosa hata siku moja. Zawadi ilikuwa safari ya familia nzima, Nairobi, uwanja wa bembea, na hoteli pia. Akamwita Rodah.

Rodah alikuja na viatu vya kisigino vilivyokuwa vikizama kwenye nyasi. Kina mama walipiga makofi kwanza, kwa mazoea, halafu makofi yakafia mikononi. Mellen alimtafuta Gibson akamkuta nyuma ya hema anakwangua ubavu wa ng'ombe kwa meno, mafuta yakimtiririka kidevuni.

Alimuuliza kuhusu basi. Gibson alilamba kidole kimoja kimoja, bila haraka, akasema pesa ya kadi ni ya kadi, na kwamba Rodah angekataa zawadi watu wangeanza kuuliza maswali. Mkusanya sadaka huyo.

Akaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa meneja.

"Zile kilo ni zetu, bwana meneja."

"Zilipimwa na kadi ya nani?"

"Ya Rodah. Lakini tulichuma sisi."

Bwana Nicholas aliweka kikombe chini. "Mama Nyabate, unajua unaniambia nini? Kuchuma na kadi ya mtu mwingine ni wizi. Nikiandika hiyo maneno, leo jioni nyinyi wote mnatoa vitu kwa nyumba za kampuni. Mashine za kuchuma ziko." Akatabasamu. "Sasa niandike, ama hujaniambia kitu?"

"Sijakuambia kitu."

"Asante, mama."

Meneja hakushangaa. Alikuwa akijua tangu mwanzo, na ndicho kilichomtia Mellen kinyaa zaidi ya mafuta ya Gibson. Kabla hajafika mlangoni, mpiga picha wa kampuni aliingia akilalamika. Alitaka picha ya mikono ya mchumaji bora, nayo ya Rodah ilikuwa laini, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Meneja aliitazama mikono ya Mellen: utomvu mweusi umejaa kwenye nyufa, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda tangu kilipovunjwa na kreti.

"Hii hapa," alisema.

Mellen aliwaza nyumba, akawaza godoro likiwa juu ya trekta. Akashika majani mawili na chipukizi lake mahali alipoonyeshwa. Walimpa pakiti ya chai ya vumbi, ile ya bei ya chini.

Januari, siku ya kufungua shule, langoni mwa kiwanda kulikuwa na bango jipya kubwa. Rodah na watoto wake walikuwa ndani ya treni ya uwanja wa bembea, midomo wazi kwa raha. Mbele yao, mikubwa kuliko vichwa vyao, ilikuwa mikono miwili imeshika majani ya chai.

Nyabate, aliyekuwa akisindikizwa shuleni na mama yake, alisimama. Alikitazama kidole kilichopinda pale kwenye bango.

"Hiyo ni mikono yako," alisema. "Kumbe ulienda. Ulienda na watoto wa Karani."

Mellen alifungua mdomo. Askari wa lango alikuwa karibu, na nyuma yake gari la meneja lilikuwa likisubiri kufunguliwa. Aliufunga. Akanyoosha mkono amshike mtoto wavuke barabara, lakini Nyabate aliuangalia ule mkono, akaliangalia bango, akaficha wake ndani ya sweta.