Sikio la Pili

...na hili nalo hataki, kumbi la nazi limelala kwenye tope, kamba yake mkononi mwa Famau, kabla ya mvua hizi Doa alilikimbiza kukizunguka kibanda cha shamba mpaka ulimi ukaning'inia, leo limempita puani akafumba macho, ewe mbwa, una nini wewe, siku ya tisa hii mvua haijui kusema basi, na mahindi haya hayana mlinzi mwingine, "Famau!" ni Athman, shemeji yake, kasimama ndiani, njia ya kushukia mashuani, na jamvi kichwani, "nivuke naye nikamwache bara, au vipi? Mbwa yuwalala tu, tumbili wamenilia safu mbili nzima!" ngoja, shemeji, ngoja kidogo, amemfichia vichwa vya samaki chini ya makuti apate kunusa na kufukua, siku mbili akafukua, ya tatu akaviacha vikaoza, chakula anacho, mahali pakavu anapo, mchezo anao, sasa kinachomsibu ni nini, asubuhi Bi Mahfudha alicheka akimfungia mkate, "nisalimie mke mwenzangu wa miguu minne, na ukimgusa usinirudie na kikoi hicho hakijaoshwa," ah, Mahfudha naye, lakini hajamgusa, wallahi hajamgusa tangu tone la kwanza, kiangazi ndiyo, kiangazi kila jioni alimkuna nyuma ya masikio, mkavu kwa mkavu hakuna najisi, chuoni walilihifadhi hilo kwa bakora, lakini mbwa aliyelowa, loo, mbwa aliyelowa akikugusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo usimame mbele ya Mola wako, na alasiri ndiyo hiyo yaja, basi kila Doa alipomjia alimsukuma kwa mpini wa jembe, kaa kule, akaenda kule, akarudi, akasukumwa, akarudi tena... mpaka akaacha kurudi. Lini? Siku ya nne. Na siku ya nne ndiyo aliyoacha kubweka. Subhanallah. Famau, mjinga we, unamtupia makumbi na mwenzio yuangoja mkono, siku tisa anajiuliza amekosa nini, maskini ya Mungu, angejuaje kwamba kosa lake ni kunyeshewa, "Famau! Maji yakupwa, nijibu!" maji, ehe, maji, hayo yanamwagika ukingoni mwa makuti, si saba, hata sabini, na udongo ndio huu anaoukanyaga, na kwani sheria ilisema asimguse? Ilisema anawe. Anawe tu! Uvivu wake wa kunawa ndio alioupa jina la ucha Mungu, akamsukuma nao mnyama aliyemlindia shamba misimu mitatu, "Vuka peke yako, shemeji!" "Wasemaje?" "Vuka salama! Doa hendi popote!" na kamba imemtoka mkononi, kachuchumaa, vidole vimeingia kwenye manyoya yaliyoloa, hapa, nyuma ya sikio, pale pale pa kiangazi, Doa hakufumbua macho, ila mkia, mkia umepiga tope mara moja, ukanyamaza, kama unaouliza, ukapiga tena, na tena, haya baba, haya, nisamehe, mvua bado ni ile ile, alasiri bado kidogo, atanawa, zote saba atazihesabu, lakini kwanza sikio la pili.