Friza ya Wifi Eliaichi

Chatne ya kugandishwa! Demetria alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. Miaka kumi na minne mtaa mzima wa Tabata unakula bhajia zake na chatne ya nazi iliyokunwa alfajiri ile ile, leo aje afundishwe na mwanamke anayepika huku anachungulia simu!

Mwanamke mwenyewe ni Eliaichi, mke wa kaka yake. Binti yao Herieth alikuwa na sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa, Jumamosi, wageni mia tatu, na chatne aliachiwa shangazi mtu. Wala haikuwa chatne tu. Apolinari, mwenye ukumbi wa sherehe, alishasema wazi kwamba ikimridhisha, Demetria atapika kwake kila Jumamosi, aachane na moshi wa barazani. Jambo hilo alikuwa akiliombea kwa rozari.

"Wifi, nazi za watu mia tatu hazikuniki siku moja," Eliaichi alisema Jumatatu, akishusha friza ndogo kutoka kwenye guta la matairi matatu. "Tengeneza kesho, gandisha. Friza yangu imejaa nyama, nina nafasi ya makopo mawili tu. Mengine yakae humu. Vikaratasi vya kubandika hivi hapa, nimeandika kila kitu."

"Haya, mama mtaalamu."

Jumanne akatengeneza: nazi, pilipili, ndimu, kitunguu saumu na giligilani ya kutosha. Makopo mawili akampelekea wifi yake, na hayo aliyabandika vikaratasi ili asije akaitwa mkaidi. Mengine akayapanga kwenye friza, na vikaratasi vilivyobaki akawashia jiko.

"Chatne yangu haihitaji cheti cha kuzaliwa," alimwambia jirani yake Yustina, wakacheka hadi machozi.

Friza nayo ikaanza kula umeme. Uniti za Luku zilikuwa zinashuka huku anaziona kwa macho. Mie si mwehu, alijisemea, akafanya kama anavyofanyaga kwa friji lake miaka yote, kama wafanyavyo nusu ya mtaa: akilala anazima, akienda sokoni anazima, akirudi anawasha. Tena alijiona mjanja. Huyo Eliaichi na usomi wake wote angejulia wapi kubana umeme?

Jumamosi makopo yalikuwa yamelainika. Afadhali, hata kazi ya kuyeyusha hakuna, akayabeba mpaka ukumbini.

Apolinari aliingia jikoni na sambusa mkononi. Demetria akafungua kopo la kwanza huku akimkata wifi yake jicho. Vipovu vilikuwa vinapanda pembeni, na harufu ikawafikia wote watatu. Akafungua la pili, la tano, la tisa. Yote yamechacha.

"Ndiyo hii inayosifiwa Tabata?" Apolinari akairudisha sambusa kwenye sahani. "Aisee, mama. Na mie nilikuwa nishaamua."

Demetria alitamani ardhi ipasuke. Akaanza kuyafunika makopo harakaharaka.

"Ngoja kwanza, kaka," Eliaichi akasema. Akatoa kwenye kapu makopo mawili. Chatne nyeupe, giligilani bado kijani. Apolinari akachovya, akatafuna, akachovya tena.

"Hii kaitengeneza nani?"

"Wifi yangu huyu."

"Basi mama, Jumamosi ijayo uje. Ila kuhifadhi, ahifadhi huyu wifi yako." Akaondoka na sambusa yake.

"Hayo mawili yatatosha meza kuu," Eliaichi alisema taratibu. "Wengine watakula pilipili ya chupa. Peleka, wifi."

Hakucheka. Heri angecheka! Demetria akayabeba makopo, na njiani macho yakamwangukia kwenye kile kikaratasi. Alikibandika kwa mkono wake mwenyewe, wala hakujisumbua kukisoma:

"Chatne ya wifi Demetria. Jumanne. Friza isizimwe hata saa moja."