Sauti Iliyobaki Studioni

Saa tano na dakika kumi asubuhi, Kinanda alimaliza kulia kama mbuzi. Katika katuni ile ya watoto yeye ndiye aliyekuwa mbuzi, mama wa mbuzi, na mvua kidogo. Nyuma ya kioo, fundi wa sauti, ambaye wote walimwita Masikio, akainua mkono kuanza kurekodi ukimya.

Ndivyo walivyofanya kila baada ya kazi. Chumba kilirekodiwa dakika moja nzima bila neno, ili ukimya huo uje kuziba nyufa kati ya sentensi. Hakuna kukohoa, kujikuna wala kutoka. Kinanda aliiheshimu dakika hiyo kwa miaka kumi na tisa, tangu alipoletwa na kwaya kuimba tangazo la sabuni. Siku hiyo, ilipofika sekunde ya arobaini, alishika viatu mkononi akanyata hadi nje, kwa sababu dawa ya moyo ya mama yake ilikuwa ya saa sita kamili.

Sauti yake haikutoka. Ilikuwa na nidhamu, ikabaki hadi dakika itimie.

Aligundua nyumbani.

"Nani?" mama yake aliuliza kutoka kitandani. Mama alikuwa haoni, na alimjua binti yake kwa kumsikia, nyumbani kidogo na redioni zaidi.

Kinanda akafumbua mdomo. Ukatoka mlio kama wa bahasha inayochanwa.

"Kama ni wewe jirani, dawa yako siitaki. Mara ile ulinipa ya mbwa wako."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu siku hiyo mama hakumeza kitu ila kwa mkono wa mwanawe. Kinanda alimwekea kidonge kiganjani, kikarushwa uvunguni. Akauchukua mkono wa mama akauweka usoni pake. Mama alipapasa taratibu, pua, shavu, kidevu.

"Unafanana na mwanangu," alisema, "lakini yule ana mdomo."

Daktari alikuwa ameeleza vizuri: akikosa dozi moja, tutazungumza, akikosa mbili mfululizo, hatutakuwa na la kuzungumza. Ya pili ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni.

Saa nane Kinanda alikuwa studioni. Sauti ilikuwa kazini. Ilikwisha kumaliza mbuzi na matangazo matatu, na sasa iliimba wimbo wa dawa ya meno mbele ya kiti kitupu.

"Pale juu imepita bila kuvuta pumzi," Masikio alisema. "Wewe pale ulikuwa unahema, dada. Na chai haijaomba."

Kinanda akaandika nyuma ya karatasi ya maneno: NAITAKA. MAMA. SAA KUMI NA MBILI.

Meneja akaja na mkataba ambao Kinanda aliusaini akiwa na miaka ishirini, siku aliyofurahi mno hata asiusome. Kifungu cha nne kilisema kwamba sauti ikiwa ndani ya jengo ni mali ya studio. Kwa miaka kumi na tisa kifungu hicho hakikuwa na kazi, maana kila jioni ilitoka naye.

"Lakini mimi si mtu mbaya," meneja alisema. "Sikukatazi. Iite."

Alisubiri kwa adabu. Kinanda akafumbua mdomo, ukatoka mlio uleule wa bahasha. Akapiga makofi. Akagonga kioo mpaka vidole vikavimba. Sauti, iliyofundishwa kutogeuka kwa kelele yoyote wakati wa kurekodi, haikugeuka.

Ikawa saa kumi na moja.

"Bosi, tuipe simu dakika tano," Masikio alisema. "La sivyo huyu atatuharibia kioo."

Meneja akakubali, mradi dakika hizo zikatwe kwenye likizo ya Kinanda. Na kwa kuwa sauti ilisoma tu kilichoandikwa, Kinanda akaiandikia maneno ya kumwambia mama. Mstari wa tatu ulisema: Mtu aliye hapo ni mimi. Meneja akaukata kwa kalamu nyekundu, akaandika wake.

"Tusilete maswali," alisema.

Kinanda alikimbia. Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili aliingia chumbani. Midomo ya mama ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Simu ikaita juu ya mto.

"Mama, meza dawa," sauti ilisema.

"Mwanangu! Uko wapi?"

"Kazini."

"Kuna mtu hapa, hasemi."

"Ni msaidizi niliyekuletea. Fumbua mdomo."

Mama akafumbua. Kinanda akamwekea kidonge ulimini, akamshikia glasi.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Sauti hupiga simu mara mbili kwa siku, na imepewa kiti chenye mto. Mama anaendelea vizuri. Jana alimeza, akapangusa midomo, akainamia simu kama mtu anayesema siri.

"Huyu msaidizi wako ana mikono mizuri, sikatai. Ila akishanipa maji hauachii mkono wangu. Ukipata likizo urudi, mwanangu, tumwachishe kazi."

Kule studioni, karatasi ya sauti ilikuwa imebakiwa na mstari mmoja.

"Sawa, mama," sauti ilisema.

Kinanda akauachia mkono, akakata simu, akaenda kuosha glasi.