Waya Uliofungwa Uzi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bisibisi, basi, kwa sababu tangu ana miaka kumi alitembea na bisibisi mfukoni kama wenzake walivyotembea na peremende. Chumba alichotengenezea kompyuta, ubavuni mwa posta, kilikuwa cha baba yake kabla yake. Mzee alikaa humo miaka thelathini akitengeneza taipureta za maofisi na mashule, na taipureta zilipokufa zote kama kuku wa kideri, alimkabidhi binti ufunguo akasema, "Haya mama, zamu yako. Mimi na mashine zangu tumestaafu pamoja."

Walikuwa chanda na pete, hao wawili. Mama mtu alizoea kusema kwamba yeye alimzaa kaka mtu tu, huyu wa pili mzee alimuunda mwenyewe kwa vipuri vilivyobaki. Wakikaa pamoja ni utani mtupu, mpaka mgeni akadhani ni mtu na binamu yake.

Jumapili moja asubuhi Bisibisi alikwenda nyumbani kwa wazazi wake kama ada. Kaka yake alikuwepo pia, yule mwalimu wa hesabu, amekaa mezani anasahihisha madaftari. Baba alitaka kwenda kununua gazeti lakini miwani haionekani. Bisibisi akaanza kuitafuta, na katika kupekua kabati la sebuleni, chini ya vitambaa vya meza, akakuta bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na diski. Juu ya diski pameandikwa kwa kalamu nene jina la baba na namba ndefu.

"Baba, hii ndiyo diski ya mgongo?"

Mwezi uliotangulia mzee alikwenda hospitali kubwa akifuatana na kaka mtu. Waliporudi walisema ni mgongo tu: mishipa imebanwa, kapewa vidonge vya maumivu, kaambiwa asinyanyue vitu vizito. Bisibisi aliuliza mara mbili akajibiwa mara mbili, akaridhika.

Mzee aliitazama bahasha, akamtazama mkewe kupitia mlango wa jikoni, halafu mwanawe wa kiume. "Ndiyo hiyo. Rudisha ulipoitoa."

"Ngoja niione kwanza. Nina mteja wangu daktari. Namtumia hizi picha atuambie kama mgongo wako umeishiwa grisi."

Baba alicheka, ila kicheko kiliishia mdomoni. "Kompyuta yetu haisomi diski siku hizi. Imezeeka kama mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo," mama alidakia kutoka jikoni, haraka mno.

Miwani ilipatikana juu ya redio, mzee akaivaa akatoka. Bisibisi angeweza kuibeba ile diski akaenda kuisoma kazini kwake, ambako mashine za kusomea zilikuwa tano. Lakini ile habari ilimkera. Fundi wa mtaa mzima, halafu kompyuta ya nyumbani kwao haioni diski, na hakuna hata mtu aliyemwambia? Watu wakisikia si watamcheka mpaka wavunjike mbavu? Akavuta kiti.

"We Bisi, pumzika bwana," kaka alisema bila kuinua kichwa. "Wiki nzima uko na hivyo vyuma."

"Dakika kumi tu, kaka."

Aliiwasha. Katika orodha ya vifaa, mfumo ulionyesha diski kuu ya ndani na basi. Droo ya kusomea diski haikuwepo, kama vile haijawahi kuwepo. Akabonyeza kitufe cha mbele. Droo ikatoka vizuri, taa yake ya kijani ikawaka. Kumbe umeme unafika. Akaweka diski, akairudisha droo, akasubiri. Kimya. Akaiambia kompyuta itafute vifaa upya. Ikatafuta, ikarudi mikono mitupu. Akaizima, akaiwasha tena, na safari hii akaingia kwenye ule ukurasa wa bluu unaotokea kabla mfumo haujaamka. Ukurasa ule hauna adabu za kuficha: kama kifaa kipo, hukitaja. Pale palipotakiwa kuandikwa jina la droo pameandikwa "Hakuna".

"Basi si programu," alijisemea. "Ni waya, au droo yenyewe imekufa."

Akachomoa kila kitu ukutani, akalilaza sanduku juu ya zulia, akafungua skrubu za ubavuni. Ndani hamkuwa na vumbi kubwa. Waya wa umeme wa droo ulikuwa mahali pake. Waya wa pili, ule mwembamba mwekundu unaopeleka habari kwenye ubao mkuu, haukuwa umechomekwa popote. Haukukatika wala haukulegea. Ulikuwa umekunjwa mara tatu ukafungwa kwa uzi mweusi, ukabanwa pembeni usije ukagusa feni.

Bisibisi aliuinamia ule uzi. Mizunguko mitatu, ncha imepitishwa chini, imekatwa kwa wembe karibu na fundo. Lile fundo alilijua kuliko sahihi yake. Ndilo baba alilofungia uzi wa kuvuta kigari cha taipureta, ndilo alilomfundisha akiwa na miaka kumi na miwili, akimfungulisha na kumfungisha mpaka vidole vikauma. Dunia nzima walikuwa wakilifunga watu wawili, na mmoja alikuwa amepiga magoti pale kwenye zulia.

"Kaka, nani kaifungua hii kompyuta?"

"Sijui. Labda panya wameingia."

"Panya wanafunga uzi?"

Kaka aliweka kalamu chini. Jikoni sahani ziliacha kugongana.

Bisibisi alilikata fundo, akauchomeka waya, akasimamisha sanduku, akawasha. Droo ikatajwa. Diski ikaanza kuzunguka na ule mvumo wake kama wa nyuki chupani, na orodha ikafunguka: picha mia na zaidi, na ukurasa mmoja wa maandishi. Kabla ya kufungua faili lolote, alitazama tarehe, kwa mazoea tu ya kazi.

Haikuwa ya mwezi uliopita. Ilikuwa ya miezi minane nyuma.

Alihesabu kwa vidole kama mtoto. Miezi minane nyuma baba alisema anamsindikiza kaka kwenye semina ya walimu, abadilishe hewa. Yeye Bisibisi ndiye aliyewafungashia chakula cha njiani. Ndiye aliyewapungia mkono.

Akafungua ule ukurasa. Mengi yalikuwa maneno ya kidaktari, lakini mistari miwili ya mwisho hata mtoto wa shule angeielewa: uvimbe kwenye kongosho, na mgonjwa afanyiwe upasuaji mapema iwezekanavyo.

"Mlikuwa mnajua," alisema. Haikuwa swali.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi. "Mwanangu..."

"Wote. Mmekaa na mimi meza hii kila Jumapili, mnajua. Halafu mkanifungia na waya nisione."

"Si wewe," mama alisema, na machozi yakaanza. "Waya hakuuchomoa kwa ajili yako. Ni kwa ajili yangu. Akilala mchana nilikuwa naiweka ile diski, naangalia zile picha. Nautafuta huo uvimbe. Nilidhani nikiujua ulipo nitauzoea. Siku moja akaamka akanikuta. Kesho yake kompyuta ikawa haisomi."

Hapo ndipo palipomuuma Bisibisi kuliko pote. Kumbe hata ile hila haikuwa yake. Mama alikuwa na huzuni yake ya kila mchana, kaka alikuwa na siri yake ya kubeba, na yeye, fundi, hakuitwa hata kutengeneza waya. Walivumilia kompyuta mbovu ili asije akaigusa.

Mzee akaingia na gazeti kwapani. Aliona sanduku limesimama katikati ya sebule, akaona uzi mweusi kwenye zulia, akaelewa. Akakaa kwenye kiti cha karibu bila kuvua kofia.

"Ni mimi niliyewaapisha," alisema. "Usiwalaumu."

"Kwa nini mimi, baba? Mama umemwambia. Kaka umemwambia. Kwa nini mimi?"

"Mama yako akiniangalia analia. Kaka yako akiniangalia anaangalia chini. Nilitaka nyumba hii iwe na mtu mmoja anayenitania kama zamani."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa redio. Ya kuwachangamsha."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje? Jumapili iliyopita nilikwambia ukizidi kukonda tutakutundika ukutani kama kalenda. Mlicheka wote. Wewe ulicheka kuliko wote, baba! Mliniacha niseme maneno yale."

Mzee alilikunja gazeti magotini. Mikono yake, ambayo binti aliitazama kila wiki bila kuiona, ilikuwa imebaki mifupa na mishipa.

"Na upasuaji?"

"Nilikataa. Daktari alisema unaweza kufaulu, unaweza usifaulu. Sikutaka kufia mezani nimefunguliwa kama mashine."

"Ungeniambia ningekubishia."

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema mzee kwa sauti ndogo.

Bisibisi alikusanya skrubu moja moja, akaufunga ubavu wa sanduku, akarudisha meza kama ilivyokuwa. Kisha akatoka. Mama alimfuata hadi kwenye kizingiti akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, lakini hakugeuka.

Siku tisa hakukanyaga nyumbani wala hakupokea simu. Kazini aliharibu vitu ambavyo hata mwanafunzi haharibu; alimfutia mteja mmoja picha zote, ikabidi ashinde siku mbili akizirudisha. Siku ya tano kaka yake alikuja akasimama kati ya maganda ya kompyuta kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

"Mzee aliniapisha, Bisi. Ningefanyaje?"

"Kuna siku nilikuuliza hapa hapa: 'Kaka, baba mzima?' Ukanishika bega ukasema, 'Mzima kama chuma.' Neno la chuma alikuapisha mzee, au ulilitunga mwenyewe?"

Kaka aligeuza kichwa kama anasoma vibandiko ukutani, akaondoka.

Siku ya kumi ilikuwa siku ya kliniki ya baba. Bisibisi alifika nyumbani asubuhi, akasalimu, akashika ile bahasha, akamwambia kaka yake abaki. Baba alipoitwa chumbani kwa daktari, Bisibisi aliinuka naye. Muuguzi alipomwambia ndugu wasubiri nje alijibu, "Mimi nimeshasubiri nje miezi minane," akaingia.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliziangalia picha mpya na za zamani, akaeleza pole pole, na Bisibisi aliuliza kila kitu, kama anavyouliza mteja aliyeleta mashine: ilianza lini, imefika wapi, kipi bado kinafanya kazi. Upasuaji haukuwezekana tena. Kwa zile picha za mwanzo, je, ungewezekana? Daktari alimtazama mzee kwanza, kisha akasema ukweli: ndiyo, huenda.

Ndani ya teksi, wakirudi, mzee alijaribu. "Basi mama, fundi kasema vipuri vyangu havitengenezwi tena."

Zamani Bisibisi angemjibu kabla hajamaliza. Siku hiyo alitazama dirishani, na dereva akapandisha sauti ya redio.

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyempeleka kliniki, aliyejua kila kidonge na saa yake. Baba alianza kumwambia kila kitu bila kuulizwa: leo usiku sikulala, leo nimetapika mara mbili, leo naogopa. Aliyasema kama mtu anayetua mzigo uliochelewa kufika. Bisibisi alisikiliza, akamfuta uso, akamgeuza ubavu. Hakumwambia kwamba amemsamehe, na mzee hakumuuliza. Mara mbili tatu alitaka kumtania, neno likamfika kwenye ulimi, likamkumbusha kalenda, akalimeza. Mzee aliona. Siku moja alisema, "Nimejinyang'anya mwenyewe," akageukia ukutani.

Alifariki mwezi wa tano baada ya hapo, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Bisibisi alilia kwa kite, kilio cha mtu aliyefiwa na baba, na ndani yake kile kilio kingine, cha miezi minane ambayo wengine walipewa yeye akanyimwa.

Siku ya mazishi watu walijaa uwanjani. Kaka yake alikuja na karatasi ya ratiba mkononi, macho mekundu, akamwambia kwa upole, "Gari la kubeba jeneza litafika saa tisa, mdogo wangu. Nimeshaongea na dereva."

"Asante, kaka," alisema Bisibisi.

Alimngoja apotee kati ya watu. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akatoa simu, akampigia dereva yeye mwenyewe, aisikie ile saa tisa kutoka kwake.