Mabata wa Radhiya

Tangu Radhiya azikwe, Bi Mwatum wa Malindi, Unguja mjini, hakupenda dirisha lifunguliwe. Binti yake huyo wa pekee alichukuliwa na homa ya ghafla, msichana mzima wa afya na mdomo usiotulia, na nyumba ikabaki kimya. Majirani walileta vyakula na maneno mema: mtoto ni amana, Bi Mwatum, na mwenyewe kaichukua amana yake. Akiitikia alhamdulillahi, wakishatoka anafunga mlango.

Jumamosi moja asubuhi hodi ikapigwa kwa vishindo. Alipofungua akawakuta wanawake watatu wa shamba, nyuso zimekolea jua, mmoja kabeba ndoo yenye pweza mkubwa.

"Mimi Mwanapili, natoka Kiwengwa," alisema mwenye ndoo baada ya salamu. "Hawa wenzangu, Amne na Khamisa. Twalima mwani. Marehemu alikuwa mwalimu wetu."

"Mwalimu? Mwanangu alikuwa akipokea wageni hotelini huko kwenu."

Wakatazamana. Amne ndiye aliyesema, polepole, "Mwalimu wa kuogelea, Bi Mwatum."

Bi Mwatum alimkataza mtoto huyo bahari tangu hajaota meno ya pili!

"Sisi baharini ndiko tunakoshinda," Mwanapili alieleza, "lakini maji yakitufika kifuani, roho mkononi. Basi yeye akitoka kazini huja ufukweni, anavua viatu, anatwita…"

"Haya, mabata! Majini!" Amne aliiga, na makofi juu.

Ilikuwa sauti ile ile. Bi Mwatum akacheka kabla hajajijua, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio kama aliyetukana.

"Cheka, dada yangu," alisema Mwanapili. "Sisi hatuwezi kumtaja bila kucheka. Leo twaogelea mpaka kwenye boya. Alituahidi kwamba tutaliweza, na tumeona haitanoga wewe hupo."

Bi Mwatum akataja magoti yake, akataja chakula cha mume. Bwana Kheir akajibu kutoka ndani, "Nenda, mke wangu! Mimi ntakula urojo."

Walipofika Kiwengwa maji yalikuwa yamejaa. Wenzao walikuwa wakiwangoja, wamevaa suruali na madira, leso zimefungwa barabara kichwani. Kila mmoja alimshika mkono Bi Mwatum, na kila mmoja alikuwa na lake la Radhiya: alivyomfukuza kaa, alivyodanganya kuwa hachoki huku anahema kama mbuzi.

Wakaingia majini. Khamisa alianza kwa kupiga shahada kwa sauti kubwa, wenzake wakamcheka, akakasirika, na hasira zile zikampeleka mbele kuliko wote. Mwanapili alipoligusa boya alipiga kigelegele, maji yakamjaa mdomoni. Bi Mwatum naye akapiga chake pale ufukweni, kirefu, cha harusi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akakunja dira lake akaingia.

Amne alirudi akamlaza chali, mkono mmoja chini ya mgongo. "Legeza shingo. Mwanao akisema, ukikaza shingo wazama kama jiwe la kusagia."

Akalegeza. Maji yakambeba. Akatazama mbingu, na machozi yakamtiririka mpaka masikioni, yakachanganyika na bahari. Alimlilia mwanawe, na papo hapo alimwonea fahari, hata hakujua kipi kilichokuwa kikubwa zaidi. Kwa kujisahau akainua kichwa amtafute Amne, akazama, akanywa funda zima, akaibuka anakohoa na kulaani samaki wote wa Kiwengwa. Ufuko mzima ulivunjika mbavu, na yeye pamoja nao.

Yule pweza walirudi naye, wakamla kwa nazi hapo kwa Mwanapili. Jioni alirudi Malindi mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akakaa kitako mbele ya mumewe, akamweleza yote, mengine mara mbili.

"Mtoto wako alikuwa muongo, Kheir!" alisema, na macho yanang'aa. "Muongo mkubwa! Miaka yote hiyo anaogelea, mimi sijui!"

Bwana Kheir akajikuna ndevu. "Unadhani nguo zake mbichi akizianika nani?"

Bi Mwatum akamkodolea macho. Kisha akaivua leso yake iliyoroa, akamrushia ya uso.