Mchezo wa Forodha

Hasira yangu haijaisha, na sitaki mtu aniambie nisahau.

Nafundisha uchumi Sinia Siksi, mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Busia upande wa Uganda. Muhula uliopita nilichoka kuwasikia watoto wakikariri maana ya ushuru kama kasuku, nikaamua tucheze. Nikapanga madawati katikati ya darasa yakawa mpaka, nikaacha nafasi moja tu ya kupita, hilo ndilo lango. Upande huu Uganda, upande ule Kenya. Chaki zikawa mali, maharage yakawa pesa. Kijana mmoja, Okedi, nikampa kiti cha forodha, apange ushuru mwenyewe.

Mwongozo wa mchezo uliandikwa na watu wa Kampala. Unasema wafanyabiashara watapanga foleni. Foleni, Busia! Okedi alipopandisha ushuru, wakanung'unika. Alipoupandisha tena, msichana anayeitwa Acom akakusanya chaki zake, akatoka mlangoni, akazunguka darasa, akaingilia dirishani upande wa Kenya. Wala hakudhani amekosea. Kwetu mpaka una lango na una vichochoro, na mtoto anajua hivyo kabla hajajua kuandika. Darasa zima likamfuata. Okedi alipoona lango limebaki tupu, naye akabuni lake: mpe harage moja chini ya meza, anakupitisha bila ushuru. Wakarudi mbio.

Kisha tukakaa tukajadili. Kwa nini hazina ya Uganda haina kitu, na mfuko wa Okedi umejaa? Wallahi, sijawahi kuona mikono mingi juu namna ile. Acom ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote, kwamba ushuru ukizidi faida mtu hutafuta njia nyingine, na serikali hukosa hata kile kidogo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mwalimu, na furaha hiyo haiji mara nyingi.

Kilichotuponza ni kicheko. Mtu mmoja nyuma ya darasa alisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," wote wakacheka, hata Okedi. Baba yake, Bwana Etyang, anafanya kazi ya forodha mpakani, na ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule yetu.

Haikufika Ijumaa, mwalimu mkuu, Osire, akaniita ofisini. Acom amefukuzwa, akasema, kwa kufundisha wenzake magendo.

"Na mimi niliyewachezesha?"

"Wewe tutakuonya tu, Madam."

Okedi aliyekula maharage, hakuguswa. Waliopita dirishani nyuma ya Acom, hawakuguswa. Alichaguliwa yule ambaye mama yake ni mjane anayelima mihogo kijijini Kwapa na ada yake inalipwa na kanisa. Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi uliofuata, na aliyefukuzwa hafanyi. Mwaka wa mtoto ungepotea hivi hivi, na kanisa halilipi mara mbili.

Nikamuuliza Osire huyu msichana ameiba nini. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Madam, mambo haya huzungumzwa. Mwambie mama yake aende kumwona mwenyekiti nyumbani. Na unajua, mkono mtupu haulambwi."

Damu ikanichemka. Yaani mtu anakasirika kwa sababu watoto wamecheza anachokifanya, halafu anataka apewe kitu ndipo hasira imtoke! Huu ni uso wa aina gani? Nikaapa kwamba mama yake Acom hatatoa hata yai moja, na Jumamosi asubuhi nikapanda boda mpaka Kwapa kumkataza.

Nikamkuta Amoit, mama yake, ameshamfunga miguu bata mzinga dume. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Tutaandika kwa ofisi ya elimu, tutaita wazazi wote, yule mtu lazima aaibike. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Mwalimu, hasira yako ni muzuri," akasema. "Lakini mtihani iko mwezi ujao. Hiyo ofisi itajibu lini?"

Nikahesabu kwa vidole wiki zilizobaki, zilikuwa chache.

"Basi nisindikize. Mbele yako ataona aibu kukataa mtoto yangu."

Nikaenda naye, mdomo nimeufunga kwa nguvu. Etyang anakaa upande wa Rubongi. Alitupokea kwa tabasamu, bata akapelekwa uani, nasi tukakalishwa kuzungumza habari za mvua na bei ya saruji. Acom hakutajwa. Kila nilipotaka kumtaja, Amoit alinigusa goti.

Mchana chakula kikaja, na nyama ilikuwa bata yule yule. Kwa watu wa huku, ukikataa chakula nyumbani kwa mtu umemwambia umekuja na ugomvi, na lililokuleta linarudi nawe ulikotoka. Lakini mimi nilikuwa na udhuru wangu, na moyoni nilifurahi kuwa nao.

"Nisamehe, mzee. Mimi Mwislamu, siwezi kula nyama bila kujua imechinjwa na nani."

Akacheka polepole. "Madam, unadhani sisi hatujui kukaribisha wageni? Nilimwita Badiru wa pale dukani. Amechinja yeye, kwa bismillahi."

Akachukua firigisi, ambayo huku hupewa mgeni wa heshima, akaiweka kwenye sahani yangu kwa mkono wake.

"Hii ya mwalimu. Jumatatu mtoto arudi shule."

Amoit hakuwa amegusa chakula chake. Alikuwa ananitazama mimi, ananingoja. Nikanawa mikono, nikaila firigisi yote. Ilikuwa imepikwa vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.